Nani kamroga? Swali linalomchelewesha mtoto kufika hospitali

Katika familia nyingi za Mahongole na vijiji vingine vinavyoizunguka Makambako, mtoto akianza kuzungumza peke yake usiku, kikao cha kwanza cha ukoo hakiulizi hali hiyo imeanza lini. Kinauliza nani. Nani kamfanyia hivi?

Jibu huwa halikosekani. Yupo jirani aliyegombania mpaka wa shamba, yupo shangazi ambaye hakualikwa kwenye kipaimara, yupo mke wa baba mdogo ambaye watoto wake hawakufaulu. Kikao kinaisha na jina, na jina likishapatikana safari zinaanza. Mganga wa kwanza anataka mbuzi, wa pili anataka fedha taslimu. Gunia la mahindi linauzwa, kisha lingine. Miezi minne baadaye mtoto bado halali, hali chakula cha mama yake kwa kuwa anaamini kina sumu, na sasa amefungwa kamba kwa sababu juzi alitoka usiku akielekea barabara kuu.

Hospitalini swali la kwanza huwa tofauti. "Mama, hali hii ilianza lini?" Wazazi wengi hushindwa kujibu, kwa kuwa muda wote huo hakuna aliyehesabu siku. Walikuwa wanahesabu maadui.

Swali la lini lina uzito kuliko linavyosikika. Mtoto aliyekuwa mzima jana na leo anaongea maneno yasiyoeleweka, huku mwili una joto au shingo imekakamaa, huenda ana malaria iliyopanda kichwani au homa ya uti wa mgongo. Huyo anatakiwa kufikishwa hospitali saa hiyohiyo, maana anaweza kufa. Mnywaji mkubwa aliyeacha pombe ghafla siku mbili au tatu zilizopita, akaanza kutetemeka na kuona wadudu ukutani, naye ni mgonjwa wa dharura. Mama aliyejifungua wiki iliyopita, hapati usingizi kabisa na anasema mtoto si wake, ana ugonjwa unaojulikana, unaowapata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000. Unatibika vizuri, ila asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache. Na mtoto ambaye tangu mdogo alichelewa kutembea na kuongea ana ulemavu wa akili, jambo tofauti kabisa na ugonjwa wa akili, ingawa mitaani wote huitwa jina moja la kuudhi.

Anayewasumbua wazazi zaidi ni yule anayebadilika polepole. Magonjwa makubwa ya akili hupenda kuanza katika umri wa sekondari na miaka michache baada yake, na Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo yote ya afya ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 18. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza katika nyumba mara nyingi ni mwanafunzi. Alama zinashuka. Anaacha mpira, anaacha kwaya. Anakesha, halafu mchana analala. Haogi. Anacheka peke yake, anaziba madirisha, anasema walimu wanasoma mawazo yake au redio inamtaja. Baba anasema ni jeuri ya ujana, mama anasema ni mapepo, mwalimu anasema ni bangi. Kila mmoja ana jina lake, na hakuna anayempeleka kokote.

Wataalamu huiita hali hiyo saikosisi, yaani mtu kusikia, kuona au kuamini mambo ambayo walio karibu naye hawayasikii wala kuyaona. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na chini yake kunaweza kuwa na ugonjwa huu au ule. Unaofahamika zaidi ni skizofrenia, ambao kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani unampata mtu mmoja kati ya 300 hivi duniani kote, Ulaya kwa Afrika. Upo pia ule wa hisia kupanda na kushuka: wiki kadhaa kijana hachoki, anaongea bila kupumua, anagawa nguo zake na kutangaza kwamba atanunua mabasi, kisha anaporomoka na kushindwa hata kunyanyuka kitandani.

Mzazi atauliza, kama hajarogwa, basi amepata wapi?

Ubongo ni kiungo, na kama figo au moyo, hupata hitilafu. Urithi una sehemu yake. Mapacha wanaofanana kabisa, mmoja akiugua skizofrenia, mwenzake huugua katika karibu nusu ya matukio au pungufu kidogo. Hesabu hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja: damu ya ukoo ina nguvu, lakini haitoshi, maana wangekuwa wanaugua wote. Mengine hutoka kwenye maisha. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyeugua homa ya uti wa mgongo, aliyeanguka na bodaboda akapoteza fahamu. Msichana aliyebakwa akanyamazishwa. Mtoto aliyezika wazazi wote wawili, jambo ambalo Njombe inalijua vibaya: utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima wa mkoa huu wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Virusi hivyo vyenyewe, visipodhibitiwa kwa dawa, huweza kuushambulia ubongo. Ndiyo maana daktari wa akili akiagiza vipimo vya VVU, kaswende na sukari, hajapotea njia.

Kisha kuna bangi na pombe. Bangi inayoanzwa na mtoto wa miaka 14 au 15 na kuvutwa kila siku huongeza hatari ya saikosisi, hasa kwa mwenye ndugu wa damu aliyewahi kuugua. Ulanzi nao hudanganya. Ukiwa mbichi ni maji matamu tu na hata watoto huonjeshwa, lakini kadiri unavyokaa unachacha, na anayezoea kuonja msimu wa mvua hajui siku aliyovuka kuwa mnywaji. Haya yote ni kama mafiga: moja peke yake halibebi chungu. Kwa kijana mmoja urithi ni mkubwa na bangi kidogo, kwa mwingine hakuna urithi unaojulikana ila maisha yamemponda. Kumlaumu mama kwamba alimdekeza, au baba kwamba alikuwa mkali, hakumtibu mtoto.

Tena matibabu hayasubiri sababu ijulikane. Ushahidi mzuri wa jambo hilo uko Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero katika mkoa jirani wa Morogoro. Mwaka 1960 daktari kijana kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta huko watu wengi mno wenye kifafa. Kifafa si ugonjwa wa akili, ila hutibiwa katika kliniki hizohizo na hubeba fedheha ileile. Wagonjwa walitengwa, walikula peke yao, na aliyeangukia moto aliweza kuachwa aungue kwa kuwa watu waliogopa kwamba povu na mate yake vitawaambukiza. Wakati huo hakuna aliyejua kwa nini kifafa kilikuwa kingi kiasi kile mahali pale. Daktari huyo alianzisha kliniki, akaanza kugawa vidonge vya bei nafuu, hasa fenobabitali, na wengi waliovitumia kila siku wakapungukiwa au kuachwa na degedege. Miongo kadhaa baadaye ndipo watafiti wakaonyesha uhusiano wa karibu kati ya kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi weusi wa kwenye mito. Kama wagonjwa wangesubiri chanzo kijulikane, wengi wangekufa wakisubiri.

Hapa nyanda za juu kuna chanzo kingine cha kifafa kinachostahili kutajwa kwa wafugaji wa nguruwe, nacho ni tegu. Anayekula nyama ya nguruwe mwenye malengelenge isiyoiva hupata minyoo ya tegu tumboni. Mayai ya minyoo hiyo hutoka kwenye kinyesi chake, yakafika kwenye maji, mboga au mikono ya jirani, na kwa huyo jirani yanaweza kupanda hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kuugua kwa sababu ya choo cha mwenzake. Banda la nguruwe na choo kinachofungika ni mambo ya afya ya ubongo, hata kama hayasikiki hivyo.

Kwa mtoto wa Mahongole, safari huanza karibu. Zahanati au kituo cha afya kinaweza kumwona, kupima malaria na sukari, na kuandika rufaa. Kutoka hapo kuna hospitali ya Makambako, ipo ya Kilutheri ya Ilembula katika wilaya ya Wanging'ombe, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe. Hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili. Wachache ambao hali zao zimeshindikana ndio wanaopelekwa Mirembe, Dodoma.

Jina hilo la mwisho ndilo linalowatisha watu. Mirembe ilianza 1927, na kwa karibu miaka 100 imegeuzwa tusi: "Huyu wa Milembe." Inafaa kukumbuka kwamba katika lugha kadhaa za Kanda ya Ziwa neno hilo maana yake ni amani. Kwa muda mrefu hospitali za aina hiyo, kwetu na kwa wazungu, zilikuwa za kuwatunza wagonjwa na kuwafungia tu kwa sababu dawa hazikuwapo. Mambo yalibadilika 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, walipoonyesha kwamba klopromazini huwatuliza wagonjwa na kupunguza sauti wanazosikia. Dawa hiyo ingali inatumika katika kliniki zetu, pamoja na haloperidoli na sindano ya mara moja kwa mwezi kwa wanaosahau vidonge. Anayeogopa Mirembe kwa hadithi za babu yake anaogopa hospitali ambayo haipo tena. Wagonjwa wengi siku hizi hawalazwi kabisa, wanachukua dawa na kurudi nyumbani.

Na mganga je? Familia nyingi zitaenda kwake hata zikikatazwa, na nyingine zitaenda kwenye maombi. Sala haigombani na kidonge, na wako wachungaji na waganga wenye busara ambao wakimwona kijana wa namna hii huwaambia wazazi wampeleke hospitali kwanza. Kinachoumiza ni kuchelewa, na ni yale yanayofanyika wakati wa kuchelewa: kumfungisha siku saba mtoto ambaye tayari hali, kumchapa ili pepo litoke, kumfukiza, kumfunga mnyororo mguuni hadi kidonda, na kumwambia aache dawa ili "asichanganye". Anayeahidi kuponya kwa sharti la kuacha dawa za hospitali akimbiwe. Mgonjwa akiwa mkali kiasi cha kuogopwa, mtendaji wa kijiji au polisi waombwe msaada wa kumfikisha hospitali. Hilo si kumshtaki, na Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inayohusu kumpokea na kumtibu hata mgonjwa ambaye wakati huo hajitambui.

Ipo siku moja katika matibabu ambayo wazazi wengi hawaambiwi mapema, na ndiyo inayovunja mengi. Kijana ameanza haloperidoli. Siku ya pili au ya tatu, shingo inajipinda upande mmoja, macho yanapanda juu, ulimi unakuwa mzito na taya linakaza. Nyumba nzima inapiga kelele. Bibi anasema, "Niliwaambia, dawa ya kizungu inapigana na yale mambo." Vidonge vinatupwa chooni siku hiyohiyo. Kumbe ni maudhi ya dawa yanayojulikana vizuri, huwapata zaidi vijana wa kiume, yanatisha kuyatazama, na hospitalini huisha haraka kwa sindano au kidonge cha benziheksoli. Dozi hurekebishwa na safari inaendelea. Mzazi aliyeelezwa jambo hilo siku ya kwanza hatatupa kitu. Kama mtoa dawa hakueleza, aulizwe: "Dawa hii ina maudhi gani, na yakitokea nije lini?"

Mengine ni ya kawaida zaidi: usingizi, mikono kutetemeka, njaa kali, kunenepa, na kwa wasichana siku kuvurugika. Hayo nayo yasemwe kliniki, kwa kuwa dawa zipo za aina kadhaa na inaweza kubadilishwa.

Usingizi ndio hurudi kwanza, ndani ya siku chache. Sauti na hofu huchukua wiki mbili, nne, pengine sita kupungua. Uvivu na ukimya huondoka mwisho kabisa, na hapo wazazi hukosea kwa kudhani mtoto anajidekeza. Kisha unafika mwezi wa tatu au wa nne. Kijana yuko vizuri, anacheka, anakwenda shamba, na kila mtu anaona dawa haina kazi tena. Baada ya mara ya kwanza, dawa huendelea kwa mwaka mmoja au miwili hata kama dalili zimeisha, na hupunguzwa na daktari kidogo kidogo. Anayeiacha ghafla kwa sababu amepona mara nyingi hurudi alikotoka, na kila anaporudi huchukua muda zaidi kupata nafuu. Wapo watakaougua mara moja tu maishani. Wapo watakaougua kwa vipindi huku wakifanya kazi na kulea watoto. Wapo pia watakaohitaji dawa miaka yote, kama anavyohitaji mwenye kisukari, na hao nao huoa, hulima na huuza duka.

Dawa peke yake haimalizi kazi. Mtafiti Mwingereza George Brown, kuanzia miaka ya 1950, aliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali kurudi makwao, akakuta kwamba waliorudi kwenye nyumba za kukosolewa kila saa na kugombezwa waliugua tena zaidi kuliko waliorudi kwenye nyumba tulivu. Akina mama walijua hilo bila utafiti, ila ni vizuri kulisikia kwa vipimo. Kijana akisema anasikia sauti zinazomtukana, kubishana naye kwamba hazipo hakusaidii, na kumkubalia kwamba jirani ndiye anayezituma hudhuru zaidi. Inatosha kumwambia: "Mwanangu, mimi sizisikii, ila naona zinakutesa. Kaa hapa na mimi." Apewe kazi ndogo inayoisha, kama kuchambua maharage au kuchota maji ndoo mbili, na asifiwe akimaliza. Wadogo zake waelezwe kwa lugha rahisi kwamba kaka anaumwa na haambukizi.

Sonona haina kelele, kwa hiyo husahaulika. Msichana anayelia bila sababu, aliyekonda, anayesema kichwa na tumbo vinauma kila wiki na vipimo havionyeshi kitu, huenda ana sonona. Inatibiwa kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na ikiwa nzito kwa dawa. Akitoa kauli kama "mtapumzika nikiondoka", aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo, humpa nafasi ya kusema. Siku hiyo sumu za shambani zote, za mahindi na za viazi, ziondoke chini ya kitanda na kona ya jiko, zifungiwe kwa kufuli au zipelekwe kwa ndugu. Sheria yetu ya kanuni za adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na baadhi ya familia huogopa kumpeleka hospitali mtoto aliyekunywa sumu kwa sababu hiyo. Hakuna hesabu ya hofu ya aina hiyo inayolingana na maisha ya mtoto. Apelekwe, dakika hiyohiyo.

Kuhusu gharama, utaratibu wa msamaha wa matibabu umekuwa ukiwahusu wenye magonjwa sugu, wakiwamo wa akili. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kuulizwa, na ni afadhali kumwona kabla ya kufika dirisha la malipo kuliko baada ya kurudishwa.

Siku ya kwanza kliniki, mzazi abebe daftari badala ya jina la jirani. Ndani yake aandike tarehe ambayo mtoto alilala vizuri mara ya mwisho, mwezi alama ziliposhuka, kama amewahi kuanguka au kuvuta kitu, dawa zote alizokwisha kupewa, za miti shamba zikiwamo, na ndugu yeyote wa damu aliyewahi kuugua hivyo, hata yule babu ambaye ukoo haumtaji. Achaguliwe mtu mmoja nyumbani wa kutoa vidonge, mmoja tu, asiyesahau. Na shule ikifunguliwa, mwalimu wa malezi au matroni aelezwe faragha, akabidhiwe vidonge vya mwezi mzima, na tarehe ya kliniki iandikwe kwenye barua ya ruhusa kabisa, ili kijana asilazimike kujieleza getini mbele ya wenzake.